GPCRdb: mahali nilipojua kwamba wajina si ndugu

Mimi ni mfamasia. Asubuhi nafundisha famakolojia kwenye chuo cha afya hapa Tanga, jioni mtanikuta dukani kwangu Ngamiani nikitoa dawa. Leo naandika kuhusu kitu ambacho hakiuzwi dukani kwangu wala kwa mwingine: GPCRdb, hifadhidata ya mtandaoni ya vipokezi vya juu ya seli. Ni bure, haidai usajili wala namba ya simu. Nimeitumia karibu kila wiki kwa mwaka na ushei, nimeifundishia madarasa mawili, na imenibadilishia namna ya kufundisha na hata namna ya kusoma cheti cha daktari.

Kwanza kwa asiye wa fani. Seli imezungukwa na utando, na kwenye utando huo zimo protini zinazokaa kama mabawabu, zikipokea habari za nje: adrenalini imefika, histamini imefika, harufu ya samaki imefika. Protini hizo ndizo tunazoziita vipokezi. Kundi kubwa kuliko yote mwilini mwetu ni la vipokezi ambavyo uzi wake wa protini huupita utando mara 7, ndani na nje, ndani na nje, kama sindano ya mshona kofia; kwa kifupi cha Kiingereza huitwa GPCR. Binadamu anavyo karibu 800, na kiasi cha nusu yake ni vya kunusa tu. Karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hufanya kazi kupitia kundi hili. Nikigeuka nyuma nikatazama rafu zangu naziona: salbutamoli, propranololi, losatani, setirizini, metoklopramidi, haloperidoli. Zote hubisha hodi kwenye milango ya aina hiyo moja.

Sasa nieleze kilichonipeleka GPCRdb. Miaka michache nyuma nilinunua chati ya ukutani ya vipokezi, karatasi nzito inayong'aa, bei yake nzuri tu. Kampuni siitaji. Vipokezi vinne vya histamini, H1, H2, H3 na H4, vilichorwa kwenye chati hiyo vikiwa vimeshikana kwenye tawi moja kama watoto wa tumbo moja. Vya muskarini, yaani vile vinavyopokea asetilikolini kwenye tezi za mate, moyo na utumbo, vilikuwa kona ya mbali kabisa. Nikafundisha hivyo. Siku moja mwanafunzi wa kike wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, Piriton si inazuia H1? Mbona mgonjwa anakauka mdomo? Mate si kazi ya asetilikolini?"

Nilimjibu kwamba dawa nyingi za zamani hazichagui vizuri. Ni kweli, lakini hilo si jibu. Alikuwa anauliza kwa nini haichagui, na kwa nini ikikosea inaangukia kwa vya muskarini na si kwingine. Usiku ule sikulala mapema. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ina chaji ya nusu, intaneti natoa kwenye simu. Nikaifungua GPCRdb, ambayo nilikuwa nimeisikia tu, nikasema nitazame huu undugu kwa macho yangu.

Kazi yenyewe ni hatua tatu. Unachagua vipokezi kutoka kwenye orodha inayofunguka tawi kwa tawi. Halafu unachagua sehemu ya protini unayotaka kulinganisha: uzi mzima, au zile helisi 7, yaani vipande vilivyojisokota vinavyopita kwenye utando, peke yake. Kisha unasema unataka nini: mifuatano iliyopangwa sambamba, mti wa ukoo, au jedwali la mfanano. Nilichagua vinne vya histamini na vitano vya muskarini, M1 hadi M5, nikachagua helisi tu, nikaomba jedwali. Likaja jedwali la mraba, vipokezi tisa kushuka na tisa kwenda pembeni, na kila vinapokutana viwili kuna asilimia yao, imepakwa rangi.

Nikaweka kidole kwenye kioo. H3 na H4: zaidi ya nusu ya herufi zao (kila asidi amino, yaani kila shanga ya uzi wa protini, ina herufi yake) ni zilezile, ndugu wasiofichika. M1 hadi M5: familia moja iliyokaa pamoja, inaonekana kwa mbali. H2 imekaa peke yake. Halafu H1. Nikafuata mstari wake pole pole. Mfanano wake na H3 na H4 ulikuwa mdogo. Nikasogea mbele kwenye vya muskarini, asilimia zikapanda. Nikarudia kutoka mwanzo, maana nilidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. H1 inafanana na vipokezi vya muskarini kuliko inavyofanana na H3 au H4, wajina wake.

Sisi watu wa pwani tuna neno la hali hii: wajina, wengine husema somo. Juma wa Pongwe na Juma wa Makorora ni wajina, wanaitana "somo" wakikutana sokoni, lakini damu yao haijawahi kukutana. Vipokezi hupewa jina kwa kile vinachokipokea. Chochote kinachoshika histamini kimeitwa H na namba, kwa utaratibu kilivyogunduliwa. Jina linaeleza mgeni anayeingia. Undugu umo kwenye mfuatano wa asidi amino, kwenye uzi wenyewe, na uzi hausomeki kwenye jina. Ndiyo maana klofeniramini, ndiyo Piriton yenyewe, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya H1, ikifika kwenye vya muskarini inakuta mlango unaofanana na ule iliouzoea. Mate yanakauka. Na ndiyo maana hiyo hiyo klofeniramini haipunguzi asidi ya tumbo, ingawa asidi ile inaamriwa na histamini kupitia H2. H2 ni somo tu.

Wiki iliyofuata nilimwita yule mwanafunzi mbele ya darasa nikampa kompyuta alisome jedwali mwenyewe.

Kitu cha pili kilichonifanya niipende huduma hii ni namna inavyohesabu. Tatizo la kulinganisha vipokezi ni kwamba havilingani urefu. Beta 1 ya adrenalini ina asidi amino 477, beta 2 ina 413, rodopsini ya jichoni ina 348. Ukisema "asidi amino ya 113" kwenye kimoja, kwenye kingine namba hiyo ni mahali pengine kabisa. Mwaka 1995 Ballesteros na Weinstein walitoa suluhisho ambalo mtu wa Ngamiani halimpi shida hata kidogo, kwa sababu barabara zetu zina namba. Namba ya kwanza ni ya helisi, yaani barabara, ya 1 hadi ya 7. Kwenye kila barabara kuna nyumba moja ambayo karibu ukoo mzima haujawahi kuihamisha, asidi amino isiyobadilika kuliko zote. Hiyo inapewa namba 50. Nyingine zote zinahesabiwa kutoka hapo, kama tunavyomwelekeza mgeni kuanzia msikitini.

Kwenye helisi ya 3, nyumba ya 50 ni arjinini. Nilifanya hesabu hii ubaoni na darasa, nawaachieni na nyinyi. Kwenye beta 2 arjinini hiyo ni ya 131. Rudi nyuma hatua 18, unafika 113. Kwenye H1 arjinini hiyo ni ya 125. Rudi 18, unafika 107. Kwenye M2 ni ya 121. Rudi 18, ni 103. Namba tatu tofauti, 113, 107 na 103, lakini anwani moja: 3.32. Sasa fungua GPCRdb utazame nani anakaa pale. Ni aspatati, kwenye vyote vitatu. Ongeza vya dopamini, ongeza vya serotonini, aspatati. Aspatati ina chaji hasi, na adrenalini, histamini, asetilikolini, dopamini na serotonini zote zina naitrojeni yenye chaji chanya. Ile moja hasi inaishika ile chanya. Nilipoandika herufi D, alama ya aspatati, kwa mara ya tano ubaoni darasa lilikuwa kimya, kisha kijana mmoja akasema, "Kumbe wote wanashikwa mkono uleule." Sijapata maelezo bora kuliko hayo kwenye kitabu chochote nilichofundishia.

(Ndani ya hifadhidata mtaona anwani hiyo imeandikwa 3.32 na pembeni 3x32. Ile yenye x ni mpangilio wao wenyewe, umesahihisha mahali ambapo helisi ina kibyongo na hesabu ingeruka nyumba moja. Kwa anayeanza, zote mbili zitamfikisha.)

Kuna mchoro mwingine wanauita wa nyoka. Uzi wote wa kipokezi unatandazwa kwenye karatasi, kila asidi amino ni duara dogo lenye herufi yake, unauona unavyopanda na kushuka mara 7. Ukigusa duara linakutajia anwani yake. Unaweza kuwapaka rangi wenye chaji, wenye mafuta, wenye pete. Nimeuchapa wa beta 2 na wa beta 1 nikauweka pamoja chini ya kioo cha meza ya dukani, na hapo ndipo niwasimulie jambo lililonipata.

Mzee mmoja alikuja na cheti kutoka kituo fulani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu, presha imenipanda, nimeandikiwa hii." Ilikuwa propranololi. Nilipokuwa nasoma, akakohoa kile kikohozi chenye filimbi kifuani, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa inhela ya salbutamoli, akavuta mara mbili mbele yangu.

Nikamuuliza, "Mzee, pumu unayo tangu lini?"

"Tangu utotoni, mwanangu. Hawakuniuliza."

Salbutamoli inaisukuma beta 2 ili njia za hewa zifunguke. Propranololi inaizuia beta 1 ya moyo, na kwa kuwa haitofautishi, inaizuia na beta 2 ya kifua. Kwa mwenye pumu hiyo ni kumfungia hewa kwa mkono mmoja huku ile inhela anayoitegemea ukiinyang'anya nguvu kwa mkono wa pili. Nilimkalisha kwenye benchi, nikampigia simu aliyeandika, tukazungumza vizuri, akabadilisha ikawa dawa ya kundi jingine kabisa. Kisha nikamwonyesha mzee ile michoro miwili chini ya kioo. Nikamwambia, mzee, hawa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, mmoja anakaa moyoni, mmoja anakaa kifuani. Dawa ile ilitumwa kwa mmoja lakini haiwezi kuwatofautisha sura. Akatazama sana. Akasema, "Basi waandike kwenye cheti changu kwamba nyumba ile ina ndugu wawili." Niliandika kwa kalamu nyekundu: ANA PUMU.

Ukivipanga beta 1 na beta 2 sambamba kwenye GPCRdb utaelewa kwa nini kazi ya kutengeneza dawa inayochagua ni ngumu. Kwa uzi mzima, zaidi ya nusu ya herufi zinalingana. Lakini shuka kwenye kile kishimo inamokaa adrenalini, ufuate nyumba zinazoigusa: herufi ni zilezile, juu na chini, mstari kwa mstari. Tofauti ziko nje kidogo, ukumbini, mahali dawa inapopitia kabla ya kuingia. Atenololi huipendelea beta 1, na neno ni huipendelea. Ndiyo maana hata hiyo kwa mwenye pumu tunaitoa kwa hadhari. Nilikuwa najua kanuni hii tangu chuoni. Sababu yake nimeiona mwaka jana, herufi kwa herufi.

Historia ya undugu huu nayo inafaa kujulikana. Mwaka 1986 maabara ya Robert Lefkowitz pamoja na wenzao waliisoma jeni ya beta 2 kwa mara ya kwanza, ya mnyama mdogo aitwaye hamsta. Walipoulinganisha mfuatano ule na protini zilizokwisha kujulikana, ukafanana na rodopsini, ile protini inayopokea mwanga ndani ya jicho. Kipokezi cha adrenalini na kipokezi cha mwanga, ukoo mmoja! Kabla ya hapo ni wachache waliowaza kwamba moyo unaodunda kwa hofu na jicho linaloona taa vinatumia kifaa cha aina moja. Umbo la rodopsini lilionekana mwaka 2000, la beta 2 mwaka 2007, na mwaka 2012 Lefkowitz na Brian Kobilka wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mpaka leo kundi lile kubwa, la A, linaitwa kwa jina la rodopsini.

GPCRdb yenyewe ilianzishwa mwaka 1993 na Gert Vriend na wenzake, na tangu mwaka 2013 inatunzwa Chuo Kikuu cha Copenhagen na timu ya David Gloriam. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Nayataja haya kwa sababu wanafunzi huniuliza kama kitu cha bure kinaaminika.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya yatima. Ndivyo wanavyoitwa kweli kwenye fani: vipokezi yatima, ambavyo mfuatano wake unajulikana lakini hakuna anayejua vinampokea nani. Namna mojawapo ya kumtafutia yatima jamaa zake ni kutazama sura. H3 ilipatikana hivyo mwaka 1999, ilikuwa imekaa kwenye orodha ya yatima bila mwenyewe. Mfuatano wake ulipojulikana, watafiti wakautumia kupekua jenomu wakitafuta anayefanana naye, na muda mfupi baadaye, mwaka 2000, H4 ikajitokeza. Dada alimtambulisha mdogo wake. Ukichora mti wa vipokezi hivi mwenyewe na kuona H3 na H4 vimechipuka kwenye kifundo kimoja, unajua unatazama njia ileile waliyoipita.

Kwa wenzangu wa maabara za malaria na VVU, tafuteni tawi la vipokezi vya kemokini, protini zinazoziita chembe za kinga. CCR5, mojawapo ya milango ambayo VVU huitumia kuingia kwenye seli, inafanana na CCR2 kwa karibu robo tatu ya herufi, na jeni zao ni majirani kwenye kromosomu ya 3. Na pale pembezoni mwa ukoo huohuo mtamkuta ACKR1, anayejulikana zaidi kwa jina la Duffy. Huyu ndiye mlango wa Plasmodium vivax, mojawapo ya vimelea vya malaria, kwenye chembe nyekundu za damu. Ana sura ya ukoo, anapita utando mara 7 kama wengine, lakini ile arjinini ya 3.50 na majirani zake wawili, aspatati na tairosini, mpangilio huo hana, na haipitishi habari ndani ya seli kwa njia ya wenzake. Watu wengi sana wa Afrika kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye chembe nyekundu. Kipokezi hakijaharibika, ni herufi moja tu, T ikawa C, kwenye swichi ya jeni inayofanya kazi kwenye chembe hizo. Kwenye mishipa kipo kama kawaida. Mwaka 1976 ndipo ilipooneshwa kwamba wasio na Duffy walikuwa na kinga dhidi ya vivax, ingawa miaka ya karibuni vimelea hivyo vimeonekana hata kwao, pamoja na magharibi mwa Kenya. Nilipolionyesha hili darasani nusu ya wanafunzi walitazama mikono yao.

Yale ya kuzingatia kabla hujaanza. Hifadhidata hii ni ya ukoo wa mara 7 peke yake. Kipokezi cha insulini hakimo, kipokezi cha EGFR kinacholengwa na dawa za saratani hakimo, milango ya ioni haimo. Hao ni koo nyingine na UniProt, hifadhidata ya protini za kila aina, ndiko pa kuwatafuta. Lugha ni Kiingereza tupu, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiachwe peke yake nayo. Jedwali pana nalitazamia kwenye kompyuta, simu naiacha kwa mchoro wa nyoka.

La muhimu kuliko hayo ni kuchagua sehemu ya kulinganisha. Ukilinganisha uzi mzima, mikia na vitanzi vya nje vitakushushia asilimia, maana hivyo hubadilika ovyo hata kwa ndugu wa damu. Ukilinganisha helisi tu, asilimia zinapanda. Zote ni kweli, ila zinajibu maswali tofauti, na nimeona mtu akichukua asilimia ya uzi mzima kwa jozi moja na ya helisi kwa jozi nyingine kisha akazishindanisha. Na ukichora mti, omba urudiaji: programu inauchora mti upya mara nyingi kwa data iliyochanganywa, halafu inaandika kwenye kila tawi limejitokeza mara ngapi. Tawi lenye namba ndogo usilifundishe kama undugu. Baina ya makundi makubwa yenyewe, mathalani A ya rodopsini na C ya glutamati, mfuatano hauoneshi undugu wowote wa kusimamia, ijapokuwa wote wanapita utando mara 7. Hapo tunafundisha umbo na kunyamazia damu.

Nyota naipa 5. Ningekuwa na uwezo ningeichapia mwongozo mfupi wa Kiswahili, na kurasa za kwanza nimeshaanza kuziandika.

Ile chati ya zamani sikuitupa, karatasi yake ni nzuri. Nimeigeuza, na nyuma yake nyeupe nimechora mti mpya kwa kalamu, H1 nikaiweka kando ya M1 hadi M5, nikaibandika dukani nyuma ya kaunta. Yule mwanafunzi wa mstari wa nyuma sasa anafanya mazoezi kwangu. Juzi jioni kijana wa bodaboda alikuja na mafua, macho mekundu, akataka Piriton. Binti akamhesabia vidonge, akamtazama usoni, akasema, "Kaka, hizi zitakupa usingizi na mdomo utakauka, maji uwe nayo karibu. Pikipiki leo usiku ipumzishe." Kijana akauliza mdomo unakauka kwa nini wakati yeye anaumwa pua. Binti akageuka, akanyoosha kidole ukutani.